Msituambie Sauti Zetu ni Bandia

Mwaka jana nilialikwa kwenye kikao kidogo cha wanamuziki, watu kama kumi na watano hivi, sebuleni kwa mzee mmoja aliyepiga vinanda kwenye bendi za hoteli kwa miaka mingi. Kwenye kona ya sebule alikuwa na Minimoog, ile ya mbao, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama televisheni za zamani. Kila mtu aliitazama. Hakuna aliyeigusa, maana mwenyewe alishasema mapema kwamba haiguswi. Zamu yangu ilipofika nikafungua laptopu, nikapiga vipande viwili nilivyotengeneza kwa programu zinazoiga sintesaiza za miaka ya 1970 na 1980. Watu walifurahi. Mzee alinyamaza kwanza, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, umepiga vizuri. Lakini hiyo ni picha ya chakula. Chakula chenyewe ni kile pale kona."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana mkubwa habishiwi nyumbani kwake. Ila maneno yale nimekaa nayo tangu siku ile. Leo niko kwangu, kwa hiyo nabisha.

Nabisha kwa sababu si maneno yake peke yake. Wauzaji wa vyombo wanayasema. Wakusanyaji wa mashine za zamani wanayasema. Na vijana wa hapa Dar es Salaam, ambao hawajawahi kuiona Minimoog hata kwa mbali, wanayarudia kama wameyasoma msahafuni: mashine ndiyo halisi, programu ni bandia. Nasema si kweli. Tena ni uongo wenye faida kwa watu fulani, na hasara yake inatuangukia sisi.

Tuanze na hiyo picha ya chakula. Kuna njia mbili za kuiga chombo kwa kompyuta, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kurekodi: unapiga kila kibonye cha mashine ya zamani, unahifadhi, kisha kompyuta inarudia ulichorekodi. Hiyo kweli ni picha, mzee wangu, hapo sina ubishi. Njia ya pili ni tofauti kabisa. Mhandisi anachukua mchoro wa saketi, anaandika hesabu ya jinsi umeme unavyopita kwenye kila transista na kila kapasita, na kompyuta inaifanya hesabu hiyo upya mara 44,100 au zaidi kwa kila sekunde, wakati unapiga. Hakuna sauti iliyohifadhiwa popote. Ukigeuza kitufe, hesabu inabadilika na sauti inazaliwa hapo hapo. Kama ni habari ya chakula, hiyo haiwezi kuwa picha. Ni mapishi yenyewe, yanapikwa upya kila mara, ila kwenye jiko jingine.

Na kazi yake si ya kitoto. Chukua chujio la Moog, lile lililoipa Minimoog ule unene wake. Ni transista zilizopangwa jozi kwa jozi kama ngazi, na Robert Moog alipewa hataza yake mwaka 1969. Ugumu wake ni kwamba chujio lile halifanyi kazi kwa unyoofu: sauti ikilisukuma sana, linakwaruza kidogo, na mkwaruzo huo ndio utamu wenyewe. Miigo ya mwanzo ilikuwa misafi mno, haina chumvi. Watu wakakaa chini wakatafuta hesabu ya mkwaruzo, na mwaka 2004 mhandisi wa Finland, Antti Huovilainen, akachapisha njia mojawapo ya kuipata. Waswahili tulishasema, ukiona vyaelea vimeundwa. Anayeita kazi hiyo bandia hajui jasho lililomwagika pale. Moog mwenyewe, kabla hajafariki mwaka 2005, alishirikiana na kampuni ya Arturia ya Ufaransa walipounda programu ya kuiga mitambo yake mikubwa, ile iliyotoka mwaka 2003. Baba wa mtoto alikuwepo. Sisi tunaokataa ni mashangazi wa wapi?

Halafu kuna DX7 ya Yamaha, ya mwaka 1983, ambayo wengi wetu tumeisikia bila kujua jina lake kwenye nyimbo za miaka ile. Chimbuko lake ni ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeona mwaka 1967 kwamba wimbi moja likilitikisa jingine kwa kasi kubwa, zinazaliwa sauti za kengele, shaba na besi. Ndani ya DX7 hakuna waya unaoimba. Kuna tarakimu tu. DX7 ni kompyuta iliyovaa kinanda. Leo kuna programu inayoitwa Dexed, ya bure, ambayo inafanya hesabu zile zile na inaweza kupakia mafaili ya sauti yaliyotengenezwa kwa ajili ya DX7 yenyewe. Ukitaka, inaiga hata ule uchache wa tarakimu wa mashine ya kwanza. Sasa niambieni: hesabu ikifanywa ndani ya sanduku la mwaka 1983 ni halisi, ikifanywa ndani ya laptopu yangu ni bandia? Hesabu ni hesabu. Saba mara saba haibadiliki kwa sababu umeipigia kwenye simu.

Tena mashine hizi tunazosujudia, nyingi zilizaliwa kama miigo, na nyingi zilidharauliwa. Kinanda cha Hammond kilipoingia sokoni Marekani mwaka 1935 kiliuzwa kama mbadala wa ogani kubwa ya mabomba ya makanisani. Watengenezaji wa ogani wakapandwa na hasira, shauri likafika kwenye tume ya biashara ya serikali, na mwaka 1937 likafanyika jaribio katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago: wasikilizaji hawaoni anayepiga, waseme ipi ni Hammond na ipi ni ya mabomba. Hata wajuzi walikosea mara kadhaa. Leo mtu akiiga Hammond kwa programu anaambiwa ameiga kitu halisi! Kile kile kilichoshtakiwa kwa kuiga.

Roland walipotoa TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980, kusudi lilikuwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Ilishindwa. Haifanani na besi hata kidogo. Zilitengenezwa kama 10,000, uzalishaji ukasimama mwaka 1984, na mashine zikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo vijana wa Chicago wa kundi la Phuture walipoiokota, wakageuza vitufe vyake ovyo kuliko mwongozo ulivyoruhusu, na mwaka 1987 wakatoa "Acid Tracks", wimbo uliofungua mlango wa muziki mzima unaoitwa acid house. Ndugu yake, TR-808, ngoma ya umeme ya mwaka 1980, ilikuwa na transista zilizonunuliwa kwa sababu ya kasoro yake, maana kasoro ile ndiyo iliyotoa mchakacho aliotaka Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland. Kufikia mwaka 1983 ilikuwa imekwisha, nayo ziliuzwa kama 12,000 tu. Watu walilalamika kwamba haifanani na ngoma. Sasa imepiga kwenye nusu ya muziki wa dunia.

Someni vizuri kisa hiki. Mashine hizi hazikuwa tukufu zilipokuwa ghali dukani. Zilipata utukufu ziliposhuka bei zikafika mikononi mwa watu wasio na pesa. Utukufu ulipopatikana, bei ikapanda tena, na mikono ile ile ikafungiwa nje. Minimoog ya zamani iliyo nzima leo inaweza kukugharimu bei ya gari dogo la mtumba. Anayeniambia kwamba bila hiyo muziki wangu ni bandia, asinidanganye kwamba anazungumzia masikio. Anazungumzia mfuko.

Sisi wa pwani tulitakiwa tuwe wa mwisho kudanganyika. Taishokoto iligunduliwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ni kinanda cha nyuzi chenye vibonye kama vya taipureta. Ikasafiri baharini, ikafika Mombasa, mafundi wakaifunga umeme, na taarabu ya Mombasa ikapata sauti ambayo Mjapani aliyeiunda hakuiota. Nani aliuliza kama taishokoto iliyochomekwa kwenye amplifaya ni halisi? Watu walicheza. Na singeli, hii inayotufanya tutajwe Ulaya, imezaliwa kwenye kompyuta za uswahilini, kwa programu, huku ng'ambo wenzetu wakigombania mbao na vitufe.

Lakini nisije nikaonekana wakili wa kampuni. Upande wa pili una hoja mbili nzito na sitazikwepa.

Ya kwanza ni mkono. Ondes Martenot, chombo cha umeme kilichozinduliwa Paris mwaka 1928 na Maurice Martenot, hupigwa kwa pete: unaivaa kidoleni, inavuta uzi mbele ya kibao, na sauti inapanda na kushuka kama ya mwimbaji. Mkono wa kushoto unabonyeza kitufe ndani ya mtoto wa meza, na hicho ndicho kinachoamua nguvu ya sauti. Programu inaweza kukupa sauti ile. Haikupi pete. Ukipiga ondes Martenot kwa kipanya cha kompyuta, umepoteza nusu ya chombo, na tusijidanganye. Jibu langu ni kwamba mkono unaweza kutafutwa, na vifaa vya bei nafuu vya kuguswa vinazidi kupatikana. Lakini kasoro hiyo naikubali, na programu nyingi zinaifunika kwa kuchora mbao na kutu kwenye kioo. Kuchora kitufe si kukipa mkono. Uzuri wa picha ile ni wa kuuzia.

Ya pili inauma zaidi. Taarabu ya kisasa ilipoingia miaka ya 1990, kinanda kimoja cha umeme kilianza kufanya kazi ya fidla, ganuni na akodiani kwa pamoja. Watu ishirini jukwaani wakawa watano. Wazee waliolia wakati ule hawakulilia sauti tu, walililia ugali. Ni kweli, na mwigo una deni hapo. Ila tazameni kinanda kile kilichowaondoa kilikuwa nini: mashine, ya plastiki na chuma, iliyonunuliwa dukani, "halisi" kabisa kwa kipimo cha leo. Aliyewapunguza wale wazee ni mwenye ukumbi aliyetaka kulipa watu watano. Uhalisi wa chombo haukuwaokoa.

Ndiyo maana nasema swali la halisi na bandia limetupotezea muda. Kuna swali jingine ambalo hatuliulizi: ufunguo anao nani?

Nitoe mfano wa Moscow. Mhandisi Evgeny Murzin alianza kubuni chombo chake kabla ya vita kuu ya pili na akakimaliza mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikiita ANS, herufi za mwanzo za majina ya mtunzi Alexander Nikolayevich Scriabin. Hakina vibonye vya kawaida. Unachukua kioo kilichopakwa utomvu mweusi, unakwangua mistari, mwanga unapita pale ulipokwangua, na kila sehemu ya kioo inaita sauti yake. Sauti ziko 720, yaani 72 kwa kila oktava, ambapo kinanda cha kawaida kina 12. Eduard Artemyev alikitumia kwenye muziki wa filamu ya Tarkovsky, Solaris, ya mwaka 1972. Kimebaki kimoja tu duniani, nacho kiko makumbusho, Moscow. Kwa kipimo cha mzee wangu, mimi na wewe na mabilioni ya watu tufe bila kukigusa.

Lakini mtengenezaji programu wa Urusi, Alexander Zolotov, aliandika mwigo wake, Virtual ANS, na matoleo yake ya bure yapo kwa kila anayetaka. Mimi ninao. Na sikuutafuta kwa ajili ya Scriabin. Niliutafuta kwa ajili ya rasti na bayati. Maqamu hizo zina sauti zinazokaa katikati ya vibonye vya kinanda cha kawaida, ndiyo maana mpiga fidla wa taarabu anazifikia kwa kidole na mpiga kinanda anabaki kuzikodolea macho. Kwenye vipande 72 vya Murzin, robo-toni unaipata kwa kuhesabu vipande vitatu. Chombo kilichobuniwa Moscow kwa ndoto za Mrusi kinaniruhusu mimi kuchora maqamu ya taarabu. Dexed nayo inakubali faili la mizani ya sauti unayoitaka wewe, kwa hiyo DX7 ya laptopu yangu inapiga bayati kwa namna ambayo DX7 ya mwaka 1983 haikuruhusu. Hapo mwigo umempita mwigwa.

Sasa upande wa giza. Mwaka 1997 hivi, kampuni ya Propellerhead ya Sweden ilikuwa na programu inayoitwa ReBirth: TB-303 mbili na TR-808 ndani ya kompyuta ya kawaida. Iliwafungulia wengi mlango. Mwaka 2005 wakaacha kuiendeleza kwenye kompyuta na kuigawa bure. Baadaye wakaifufua kwa ajili ya iPad, na mwaka 2017 wakaiondoa sokoni baada ya Roland kuwaambia inagusa haki zao. Sisemi Roland walikosa sheria. Nasema angalieni: TB-303 ya plastiki ya mwaka 1982 bado inapiga mahali fulani. Mwigo wake ulizimwa kwa barua. Na Roland wenyewe leo wanauza miigo ya kidijitali ya 303 na 808 zao. Kwa hiyo hata wenye chombo hawaamini kwamba mwigo ni bandia. Wanaamini tu kwamba mwigo lazima uwe wao.

Mimi limenikuta. Nilinunua kihalali, kwa pesa niliyojinyima, programu ya kuiga sintesaiza moja ya zamani kutoka kampuni ya ng'ambo. Nikaitumia kutunga wimbo wa harusi ya dada yangu. Kompyuta ikafa, nikapata nyingine, nikaisakinisha upya. Programu ikadai ithibitishwe kwa intaneti. Kampuni ilikuwa imeshaacha bidhaa ile, hakuna wa kuithibitisha. Nikafungua wimbo wa dada: ngoma zipo, sauti za waimbaji zipo, na pale palipokuwa na kinanda pamejaa ukimya wa dakika nne na ushee. Noti zote zinaonekana kwenye kioo, zimepangika vizuri, haziimbi. Nilizihamishia kwenye Dexed moja moja, usiku tatu, na nikakaribia. Nilikaribia tu.

Basi hasira yangu naigawa kwa haki. Kwa wanaohubiri uhalisi nasema: mmeshika pazia la sebule mkadhani ni muziki. Kwa wanaouza miigo kwa kufuli nasema: mnatuuzia kumbukumbu kisha mnabaki na ufunguo, na siku mkifunga duka mnaondoka na nyimbo zetu. Na kwa sisi wenyewe, maprodyuza wa vyumbani, nasema hivi: wengi wetu tulianza na programu zilizovunjwa kufuli, tunajuana. Tulidhani tunamkomoa mwenye nguvu. Kumbe tulikuwa tunajenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu, bila hata risiti. Programu huria zipo, Dexed na Surge na nyingine, msimbo wake uko wazi, anayejua anaweza kuurekebisha hata mwenye nao akichoka. Jifunzeni hizo. Nyimbo mnazotaka watoto wenu wazifungue, tungieni humo. Na kila mkimaliza wimbo, hifadhini kila chombo kama sauti tupu, kila kimoja faili lake. Ningefanya hivyo, dada yangu angekuwa na wimbo wake.

Mzee wangu, kama unasoma haya, shikamoo. Sikubishia kwako, nimekubishia huku, unisamehe. Tufanye kama wale wa Chicago mwaka 1937. Mimi nije na laptopu, wewe utoe kile kitambaa, mtu wa tatu apige nyuma ya pazia, nawe useme ipi ni ipi. Ukipatia zote, kahawa na kashata juu yangu mwezi mzima. Ila kabla ya mtihani niachie nayo dakika kumi. Nimeiiga miaka saba, na bado sijaigusa.